Kibaba Kimoja cha Chuo Kizima

Hapo zamani, mchele ulipokuwa ukipimwa kwa kibaba na maneno kwa uzito wa msemaji, palikuwa na mji uitwao Kiwambo, nao ulikuwa na chuo kimoja chenye watoto ishirini na wanane. Kila mtoto alitengewa kibaba kimoja kwa juma, cha kumlisha maalimu na kununua wino, na vibaba vile vilitozwa nyumba zote kwa kadiri ya mashamba yao. Maalimu Zubeiri alisomesha asubuhi, na alasiri akamsomea Sultani barua zake, kwa kuwa Sultani Kombo mwenyewe alikaa chuoni siku mbili tu, ya tatu akashikwa na tumbo.

Basi siku moja akaja Sualehe, tajiri wa mashamba asiye na mtoto, akaketi mbele ya Sultani akalia. "Bwana wangu, ushuru wa chuo waniua. Natoa vibaba kumi na viwili kila juma, nami sina hata paka anayesoma. Mtoto mmoja kibaba kizima, kwani anakula herufi?"

Sultani akaona maneno yana uzito, maana Sualehe alikuja na mbuzi. Ikapigwa mbiu kwamba tangu leo ni kibaba kimoja kwa chuo kizima. Maalimu Zubeiri aliposikia, akakunja msala wake akahamia mji wa pili, Pangoni.

Sasa palikuwa na fukara mmoja, Shekue mshona makuti, aliyejua herufi zake na si zaidi. Mkewe alipokuwa akifa alimwambia, "Mume wangu, binti yetu Mwanatumu asome. Asiwe kama sisi, kuletewa barua ukazunguka mji kutafuta mtu akusomee msiba wako." Neno lile halikumtoka Shekue moyoni. Basi akaenda kwa Sultani akasema, "Bwana wangu, nipe mimi chuo."

"Kwa kibaba kimoja?"

"Kwa hicho hicho."

"Haya. Kwa siku arobaini chuo kijue herufi zote ishirini na nane. Ikipungua moja, chumba cha chuo nawaingiza punda wangu."

Shekue akakichukua kile kibaba akakibadili kwa ubao mmoja na wino kidogo. Akaukata ubao vipande ishirini na vinane, akaandika kila kipande herufi moja, akagawa. Mwanatumu akapata mimu. Akaigeuza, akaitazama nyuma, hamna kitu.

"Baba, na nyingine?"

"Nyingine za wenzio, mwanangu. Kibaba kimeishia hapo. Shika yako, uvumilie."

Siku ya arobaini Sultani akaja na Sualehe. Watoto wakasimama mstari, huyu akasema alifu, huyu be, huyu te, mpaka ya. Sultani akahesabu kwa vidole vya mikono na miguu, vyake vikaisha, akaazima vya Sualehe. Haikupungua hata moja.

"Nilisemaje, bwana wangu?" akasema Sualehe. "Elimu ni ile ile, bei ndiyo iliyokuwa na mafuta." Na punda wakabaki nje na mvua yao.

Haikupita juma, akaja tarishi wa Sultani wa Pangoni, akaweka barua, akasema, "Bwana wangu amesema isomwe leo," akaondoka. Sultani akageuza karatasi juu chini. "Kiitwe chuo."

Chuo kikaja. Barua ikapita mkono kwa mkono, na kila aliyeiona yake akapiga kelele, "Hii yangu, ile nayo yangu, wee usiishike," ikawa kama kuku walioona kicheche. Walipofika kwenye nuni wakakwama, mwenye nuni kaenda na bibi yake msibani mashamba. Sultani akatoa punda wake wa kupanda akafuatwe. Siku ya pili akaletwa amelala. Siku ya tatu herufi zote zikawa zimeitwa.

"Basi barua yasemaje?" akauliza Sultani.

Mtoto mmoja akajikuna.

"Ewe Shekue, herufi zote wanazo, na barua hawana?"

"Bwana wangu, kibaba kimoja kilinunua herufi. Kuziunganisha kulikuwa katika vile ishirini na saba ulivyovipunguza."

Punda akatolewa tena, akafuatwa Maalimu Zubeiri. Akaisoma kabla hajaketi: "Ndugu yangu Sultani Kombo, ahsante kwa kuniachia maalimu. Shukrani yangu ni magunia mia ya mchele, nimekuwekea mpakani. Yachukuliwe leo hii, maana kule tumbili ni wengi."

Wakakimbia, Sultani mbele, kilemba mkononi. Wakakuta magunia matupu, na tumbili wamelala chali, matumbo kama ngoma, hawawezi hata kupanda mti. Sultani akawatazama tumbili, akamtazama Sualehe, akacheka mpaka akaketi chini.

"Vibaba ishirini na vinane vitolewe kama zamani," akasema. "Nawe Shekue, wataka nini?"

"Ubao mzima, bwana wangu, wa Mwanatumu. Na jambo moja. Imebaki lamu-alifu, zile mbili zilizokumbatiana. Haina mtoto."

"Apewe Sualehe."

Ikawa hivyo. Sualehe akakaa mkekani, magoti masikioni, ameshika kipande chake, karibu na Mwanatumu. Na mwaka ulipoisha Mwanatumu akawa anasoma barua za mji mzima, na tajiri akinyoosha shingo, "Herufi yangu je, mwanangu, imefika?"

"Bado, mjomba. Keti."

Hekaya yangu imefika kizingitini. Aliyeisikia bure, naye akapeleke kibaba chuoni.