Askofu Korongo Aishiwa Miguu

Paukwa!

Pakawa.

Masikio mmekuja nayo?

Tumekuja nayo, na mengine tumeazima.

Basi hapo zamani za kale, Mfalme Tembo alipokuwa bado na kiuno, wanyama walikuwa na askofu wao, Korongo. Shingo ndefu, kanzu nyeupe, sauti ya kumliza kobe.

Kazi yake ilikuwa ndogo na tamu. Kila masika, wanyama walipohamia ng'ambo ya mto, alisimama kwa mguu mmoja, na mguu wa pili akauweka juu ya kichwa cha kila mtoto. "Vuka salama." Ndege hana mkono, lakini mguu ule waliuita mkono wa askofu. Mtoto asiyewekewa mkono hakuvuka. Ndiyo mila.

Tembo alikuwa na madaraka ya kugawa. Akawaza, "Nikimpa Fisi, atawarithisha fisi. Korongo hana mke wala mtoto. Akifa, vyote vinarudi kwangu."

Mwaka wa kwanza akamletea ufunguo wa kivuko. Korongo akaushika kwa mdomo. Sala zikawa "mmm, mmm."

Mwaka wa pili akamletea usinga wa hakimu. Korongo akaubana chini ya bawa. Akiruka, alizunguka palepale kama kishada kilichokatika.

Mwaka wa tatu akamletea upanga. Korongo akaukamata kwa mguu wa kubariki.

"Ila neno moja, Baba Askofu," alisema Tembo. "Kitakachoanguka kimerudi kwangu."

"Mmm," alisema Korongo.

Jamani, hakuwa mbaya. Kila kitu alikipokea akidhani kitamsaidia kuwatunza watu wake. Na tusifichane, upanga ulimeremeta.

Masika yakaja. Mama Kanga akapanga vifaranga wake sita kwenye fungu la mchanga, pale Kiboko alipozoea kupakia watoto mgongoni. Maji yalikuwa yanapanda.

"Baba Askofu, weka mkono."

"Mmm," alisema Korongo, akiuonyesha upanga kwa macho.

"Sikuja kupigana, Baba. Kiboko, anasemaje?"

"Anasema mkono umejaa."

"Basi atumie mwingine."

"Huo ndio ameusimamia."

"Si uwapakie tu, ndugu yangu?"

"Bila mkono wa askofu? Nife na aibu, mama."

Korongo akajaribu kubariki kwa mdomo. Ufunguo ukagonga kichwa cha kifaranga, ko! Akajaribu kwa bawa. Usinga ukamtekenya wa pili, akapiga chafya tatu. Akajaribu kubadilisha miguu, akainua yote miwili kwa pamoja, akaketi topeni, pwaa!

Vifaranga wakacheka mpaka wakaangukiana. Kiboko akacheka, mto ukatikisika. Kisha yule mdogo kuliko wote akanyamaza. Maji yalikuwa yamemfika kifuani.

Korongo akamtazama.

Akafumbua mdomo, ufunguo chubwi. Akakunjua bawa, usinga ukaenda na maji. Akaukunjua mguu, upanga ukazama.

"Baba Askofu," alipaza sauti Tembo kutoka ukingoni, "vyote vimerudi kwangu."

"Vimerudi kwa mto, Mfalme wangu. Kauombe huo."

Hayo ndiyo maneno yake ya kwanza tangu aliposhika ufunguo. Akasimama, matope yakimtiririka kwenye kanzu, akaweka mkono juu ya vichwa sita vilivyolowa. Alianza na yule mdogo. "Vuka salama." Kiboko akawapakia, wakavuka wakiimba, na askofu angani juu yao, akiruka moja kwa moja.

Ndiyo maana mpaka leo tembo akifika mtoni hupapasa maji kwa mkonga. Anatafuta vitu vyake. Na korongo husimama kwa mguu mmoja, ili mwingine uwe tayari.

Wahenga walisema mshika mawili moja humponyoka. Korongo alishika matatu, kikamponyoka kile alichoitiwa. Mkono uliofumbata haubariki, hata uwe wa mtu mwema.

Ngano yangu naiacha hapa ukingoni. Aliyeipenda aivushe, asiyeipenda amrushie mamba.