Tango Halipigwi Kisiginoni

Paukwa!

Pakawa!

Hiyo ni pakawa ya watu wenye njaa. Nipeni ya walioshiba. Paukwa!

Pakawa!

Haya, sogeeni. Anayetaka kusinzia akasinzie kwake. Palikuwa na kijiji, zamani sana, kabla babu wa babu yangu hajaota meno. Jina lake silitaji, maana kila nikilitaja hutokea mtu akasema ni kwao na mimi nimemtukana. Kilikuwa kijiji cha mpunga. Bonde lote mpunga. Watoto wa pale walijua kupandikiza mpunga kabla hawajajua kujifunga nguo.

Mnajua mpunga unavyopandikizwa? Unaushika mche shingoni, unaung'oa. Mizizi imejaa tope. Unainua mguu, unaipiga mizizi kisiginoni. Pwa! Pwa! Pwa! Tope linaruka, mizizi inabaki myeupe. Unafunga kitita, unakwenda kuchomeka bondeni. Mpunga hauna kinyongo. Uupige, uufunge, uulaze juani mchana kutwa, ukishauchomeka majini unasimama.

Basi katika kijiji hicho alikuwepo bibi mmoja, Bi Siwatu. Wengine wakimsimulia humfanya mrefu, eti macho yake yaliwaka. Uongo. Alikuwa mfupi, mnene kidogo, na goti moja lilimuuma masika yote. Mumewe alikwisha kufa, mabinti zake waliolewa mbali. Kitu alichokuwa nacho duniani ni kimoja: konde lake kando ya kijito. Mama yake alilifyeka kisiki kwa kisiki. Likimtoka mikononi, bibi hana pengine pa kwenda.

Na Jumbe alilitaka.

Jumbe Shomari alikuwa na konde lake lililopakana na la bibi, kubwa, zuri, lenye maji. Halikumtosha. Alitaka kijito chote, huku na huku. Wako watu wa namna hiyo, hata leo wapo, ukiwapa mkeka wanauliza kitanda kiko wapi.

Sasa sikilizeni desturi ya pale. Kila mwaka, mwezi wa masika ukiandama, siku ya tatu ngoma ya Jumbe inalia. Ndu! Ndu! Ndu! Hapo ndipo watu hutia mbegu. Mpunga huchelewa, lakini tango huwahi. Kwa hiyo kila mwenye konde alipanda matango ukingoni, na siku ya sitini akaleta tango moja uwanjani, likaonekana na watu wote. Maana yake, konde hili lina mwenyewe, halijatupwa. Ilikuwa desturi nzuri, haikumdhuru mtu.

Jumbe Shomari akaishika desturi hiyo akaigeuza kisu. Baada ya mavuno aliwakusanya watu uwanjani, akasema, "Kuanzia masika yajayo si sitini tena. Ni arobaini. Konde lisiloonyesha tango siku ya arobaini, hata likiwa la nani, halina mwenyewe. Na asitie mtu mbegu ardhini kabla ya ngoma yangu."

Watu wakahesabu vidole. Tango kutoka mbegu mpaka tunda ni siku hamsini na ushee, hata ulibembeleze namna gani. Wakaelewa: makonde yote yatakuwa ya Jumbe, na la kwake mwenyewe nani angethubutu kuliuliza? Mzee mmoja aliuliza kwa adabu yale makonde yasiyo na mwenyewe yatakwenda wapi. Jumbe akajibu kwamba yataangaliwa. Mzee akakaa chini.

Bi Siwatu hakukaa. Alisimama na goti lake, akasema, "Jumbe, tango halijui hesabu yako."

"Lifundishe, Bibi," Jumbe akasema, na watu wake wakacheka.

Bibi akaenda nyumbani. Alikuwa na hasira. Sisemi alikuwa na huzuni, nasema hasira, ile inayomfanya mtu afagie ua mara mbili. Alipomaliza kufagia akaketi akayarudia maneno ya Jumbe moja moja. Asitie mtu mbegu ardhini. Ardhini. Akatazama mtungi wake uliovunjika mdomo, uko pale jikoni, hauna kazi. Mtungi si ardhi.

Akajaza udongo na samadi kwenye mtungi, akatia mbegu za tango kiganja kizima. Miche ikaota, imebanana. Bibi akafurahi. Akafanya alivyofundishwa na mama yake, na mama yake na bibi yake. Akaishika miche shingoni, akaing'oa, akainua mguu. Pwa! Pwa! Pwa! Akaipanda kwenye kikapu cha udongo ili ajaribu. Kesho yake ikainama. Kesho kutwa ikalala. Siku ya tatu ilikuwa majani makavu.

Akatia mbegu tena. Safari hii akasema labda ilikuwa midogo, ngoja ikue. Ikakua, ikatoa vikono, ikashikana. Alipoing'oa mizizi ilikuwa imesukwa kama nywele, ikakatika. Hakuipiga kisiginoni, lakini kung'oa tu kulitosha. Ilikaa siku sita imenuna, haifi wala haikui, kisha ikafa.

Majirani wakaanza maneno. Wakasema Bi Siwatu kazeeka, anazika matango kila wiki na hata hana msiba. Alichukua ule mche wa mwisho uliokufa, akautia majini, akaitazama mizizi yake. Nyuzi. Nyembamba kuliko nyuzi. Akaelewa kwamba tango si mpunga. Mpunga unashika tope, tango linashikwa na udongo wake. Ukilivua udongo umelivua ngozi.

Siku hiyohiyo akaenda kwenye migomba, akachuma majani makavu. Akayakunja vikombe, kimoja kimoja, ukubwa wa ngumi ya mtoto, akavifunga kwa ukambaa. Udongo ndani, mbegu moja kila kikombe. Mbegu moja, nyumba yake. Mche ulipotoa majani mawili ya kweli, yale yenye vinyweleo baada ya yale laini ya kwanza, akaupeleka kwenye kikapu pamoja na kikombe chake, udongo wake, kila kitu. Hakugusa mzizi. Asubuhi mche umesimama. Siku ya tatu umetoa jani jipya.

Bi Siwatu alikaa chini jikoni kwake akacheka peke yake mpaka kikohozi kikamshika.

Zilipobaki siku ishirini mwezi wa masika uandame, na tatu za ngoma juu yake, akapanga vikombe themanini jikoni. Vilipoota akaanza kuvitoa nje kidogo kidogo, kama mwali anavyotolewa ndani. Siku ya kwanza jua la asubuhi tu, kisha ndani. Siku ya pili akaongeza. Siku ya tatu upepo nao. Aliwaambia majirani waje wajifunze. Hawakuja hata mmoja. Walipita uani wakauliza wanawali hawa watachezewa ngoma lini.

Ngoma ikalia. Ndu! Ndu! Ndu!

Watu wakatoka na mbegu. Bi Siwatu akatoka na nyungo, miche imepangwa juu, kijani, imelowa maji aliyoimwagia asubuhi ili udongo ushikane. Wakaacha kupanda wakatazama. Habari ikafika kwa Jumbe kabla bibi hajafika kijitoni. Akaja na vijana wake kumi.

"Umevunja sheria," Jumbe akasema.

"Nimetia mbegu wapi, Jumbe?"

"Hii si miche? Imetoka wapi kama si mbegu?"

"Nimekuuliza wapi. Sikukuuliza nini."

Jumbe akatazama vikombe. Akatazama watu, na watu wote walikuwa wanamtazama yeye. Jani si ardhi, hata mtoto alilijua hilo. Akatafuta njia nyingine, akaipata. Akasema vizuri, miche na ipandwe, lakini kijiji hiki kina kawaida yake ya kupandikiza. Aing'oe Bi Siwatu mbele ya watu, aikung'ute, aipige kisiginoni kama walivyofanya wazee waliomzaa.

Hapo ndugu zangu sikilizeni vizuri. Kukataa neno la Jumbe uwanjani ni jambo moja, watu husahau. Kulikataa huku kondeni, vijana kumi wamekuzunguka, ni jambo jingine.

Bi Siwatu akaweka nyungo chini. "Mpunga niletee, nitaupiga mpaka jioni," akasema. "Tango sitalipiga. Unaweza kunipiga mimi, nina mifupa. Hili halina."

"Unawakataa wazee wako?"

"Mama yangu alinifundisha mpunga, na ningekuwa na mpunga hapa ningemtii. Tango nimejifunza mwenyewe, nimelizika mara mbili. Wewe umelizika mara ngapi?"

Jumbe akakasirika, na hasira ilimfanya aseme alichosema. Akaamuru nusu ya miche ichukuliwe, arobaini, ipandwe kwenye konde lake, kwa mikono ya vijana wake, kwa kawaida ya kijiji. Tena akawaambia watu wazi kwamba konde lake mwaka huu halitiwi tango jingine lolote ila hayo, ili wote waone nani anajua kulima. Vijana wakachana vikombe palepale. Pwa! Pwa! Pwa! Udongo mweusi wa Bi Siwatu ukaruka ukatapakaa. Jua lilikuwa utosini. Wakachomeka miche mpaka shingoni, mistari imenyooka, wakanawa miguu wakaondoka.

Bibi alilia. Nasema kweli, alilia, maana ile miche aliilea. Lakini alilia ameketi kando ya nusu yake, ameifunika kwa kuti, hakuipanda. Wapita njia wakamuuliza anangoja nini. Akasema anangoja jua lipunguze ukali.

Jua lilipoinama akachimba. Shimo kiasi cha kikombe, si zaidi. Akatia maji kwanza. Akaweka kikombe na jani lake, akalichana kidogo chini ili mzizi upate mlango, jani lenyewe litaoza. Shingo ya mche akaiacha nje, sawa na ilivyokuwa. Akafukia kwa vidole, hakukanyaga. Maji tena. Juu yake kipande cha kuti kwa siku tatu. Mmoja, wa pili, wa tatu, mpaka arobaini, na goti linamuuma kila anapoinama. Hakumaliza mpaka kuku wanapanda vichanjani.

Siku ya tatu akafunua makuti. Miche yake imesimama. Ng'ambo ya mpaka, kwenye konde la Jumbe, palikuwa na mistari iliyonyooka ya nyasi kavu.

Vijana wa Jumbe waliona. Waliogopa kumwambia. Walimwagia maji mabua yaliyokufa, asubuhi na jioni, na kila Jumbe alipouliza walisema yanatulia. Ukiwa mkali kupita kiasi ndivyo unavyolimiwa. Alipokuja kuona mwenyewe ilikuwa siku ya ishirini, na mbegu ya siku ya ishirini haimfikishi mtu arobaini.

Siku ya arobaini watu walijaa uwanjani. Wamekuja mikono mitupu, wanaume kwa wanawake, kama watu waliokwenda kumsikiliza kadhi. Matango yao yalikuwa na maua tu. Jumbe aliketi kitini. Akaita wenye makonde mmoja mmoja, na mmoja mmoja akasema hana. Hana. Hana. Hana. Kila mmoja akaambiwa asimame upande wa kushoto.

Akaitwa Bi Siwatu. Akaja polepole na goti lake. Akatoa tango kwenye upindo wa kanga. Refu kama kiganja, bado lina umande na ua limening'inia nchani. Akaliinua juu, akazunguka nalo ili kila mtu alione. Jumbe akanyoosha mkono alipokee, maana desturi ilikuwa hivyo, tango la kwanza hula yeye.

Bibi akaliuma. Kru! Akatafuna, akameza.

"Uliagiza lionekane," akasema. "Limeonekana. Sasa nawe, Jumbe, tuonyeshe lako."

Jumbe akarudisha mkono wake.

"Hata likiwa la nani," bibi akaongeza. "Hayo si maneno yangu."

Jumbe hakuwa na tango. Watu waliosimama kushoto wakaanza kumtazama, kwanza mmoja, kisha wote. Hakuna aliyepiga kelele. Mzee aliyeuliza siku ile kwa adabu ndiye aliyesema, akamwambia Jumbe kuna nafasi huku kwetu, njoo usimame. Sheria ikishika, na konde lake limekwenda na kiti chake kimekwenda. Isiposhika, haikumshika mtu.

Akasema, sauti ndogo, kwamba hesabu irudi sitini.

"Sikusikia," Bi Siwatu akasema.

"Sitini," Jumbe akasema kwa nguvu.

Watu wakatoka upande wa kushoto wakaenda makondeni mwao kumwagilia. Jumbe alimwita bibi pembeni, akamwomba awafundishe vijana wake. Alikubali, kwa sharti kwamba waje wote kumi, na Jumbe wa kumi na moja, na kila mmoja akunje kikombe chake mwenyewe.

Alikunja vibaya, Jumbe. Vilimfumuka vitatu.

Fundisho mnalitaka? Ni hili, na lishikeni. Mtu akikuambia fanya hivi kwa kuwa ndivyo tulivyofanya siku zote, kwanza tazama mizizi. Kama ni mpunga, inua mguu upige. Kama ni tango, kataa, hata aliyeketi kitini akikukazia macho.

Mimi hadithi yangu naitua hapa hapa. Atakayeibeba aibebe na udongo wake.