Kinyonga Aliyekufa Mara Kumi kwa Siku

Hadithi inabisha hodi.

— Ifungulieni.

Imekuja na uongo?

— Wa kutia chumvi.

Imekuja na kweli?

— Ya kukaa kooni.

Basi sogeeni, na mwenye kikohozi akohoe sasa. Hii hadithi wapo wengine wanaoisimulia, lakini wote niliwafundisha mimi, na wote walitoroka kabla sijafika mwisho.

Hapo kale wanyama walikuwa na shule ya udaktari nyuma ya kilima cha mawe, na mwalimu wake alikuwa Fisi. Shule ilikuwa na wodi moja yenye vitanda vya matete, na wagonjwa walilala humo kwa mstari. Kila asubuhi Fisi alimpeleka mwanafunzi kwa mgonjwa wa kwanza. Mwanafunzi anauliza, "Wapi panauma?" Mgonjwa hajajibu, Fisi anasema, "Tia dawa." Mwanafunzi anatia dawa, kibuyu kizima: gugu, gugu, gugu. Jioni mgonjwa amekufa. Fisi anajifunga shuka jeupe kiunoni, anamtupa maiti begani, anakwenda kumzika peke yake huko kichakani. Wanyama wakamsifu. Mwalimu gani huyu, hata kuzika hamwachii mtu.

Katika vitanda hivyo aliwahi kulala mume wa Bi Kinyonga. Nanyi vinyonga mnawajua. Kinyonga hutia mguu mmoja, akafikiri, ndipo akatia wa pili. Na maneno yake ni hivyo hivyo. Mume akaulizwa, "Wapi panauma?" Akafumbua kinywa, akasema, "Naomba..." Gugu, gugu, gugu. Akafa na neno lake mdomoni.

Bi Kinyonga alikuwa amesimama mlangoni. Tangu siku ile neno hilo lilimkwama kama mwiba wa samaki. Kila akila, analikuta. Kila akitembea, hatua moja, anafikiri: mume wangu alikuwa anaomba nini?

Mvua za vuli hazijakatika, mama yake mzazi naye akashikwa na homa. Akaletwa wodi ile ile, akalazwa wa nne kwenye mstari. Wa nne maana yake siku nne.

Bi Kinyonga hakulia. Alikuwa ameona jambo moja ambalo wenye mwendo wa haraka hawakuliona: wanafunzi walikuwa wanatoroka. Kila aliyefiwa na mgonjwa alilia, na kesho yake hayupo. Walianza ishirini, sasa wamebaki kumi. Akaenda kwa Fisi, hatua moja, akafikiri, hatua ya pili.

"Mwalimu," akasema, "hawa watoto wako machozi yao yako karibu. Niachie mimi niwazoeshe. Nitalala kitandani nijifanye mgonjwa, wao wanitibu, mimi nife. Nitakufa mbele yao mara kumi kwa siku, mpaka kifo wakione kama kupiga chafya."

Fisi akashauriana na tumbo lake. Wakikauka macho hawatatoroka. Wasipotoroka, mazishi hayatakatika. Mate yakamjaa. Akamuuliza anataka ujira gani.

"Ujira sitaki. Wasiende wodini mpaka niseme wameiva, na mama yangu awe wa mwisho kwenye mstari."

Fisi akamtupia jicho yule bibi kizee kitandani. Ngozi na vijifupa, hata kiporo hakifiki. Akasema na awe wa mwisho.

Darasa likaanza. Wa kwanza alikuwa Tumbili, mwenye mikono myepesi kuliko wote.

"Wapi panauma?"

Bi Kinyonga akageuka kijivu. Jicho moja likatazama juu, jingine likatazama chini. Akafumbua kinywa polepole. Tumbili akatia dawa. Bi Kinyonga akawa mweusi tititi, akaanguka, pu.

"Nimekufa," akasema.

"Umekufaje, Bi? Ndiyo kwanza nimekuuliza."

"Umeuliza, hukungoja. Nilitaka kukwambia dawa hiyo nimekwisha kuinywa asubuhi."

Akaja Kanga. "Wapi panauma?" Hakungoja. Pu. Bi Kinyonga alitaka kumwambia ana mimba. Akaja Nguchiro. "Wapi panauma?" Hakungoja. Pu. Alitaka kumwambia ana mfupa kooni, asimnyweshe kitu. Siku ya kwanza alikufa mara kumi. Siku ya pili, mara kumi. Siku ya tatu, mara tisa. Fisi akipita dirishani anasikia pu, pu, anachekelea, anakwenda zake.

Siku ya nne Tumbili aliuliza, halafu akaikalia mikono yake. Akangoja. Nzi akapita, vuuu, mnono kweli, na Bi Kinyonga hakumdaka. Tumbili akangoja.

"Kifuani," akasema Bi Kinyonga.

Tumbili nusura ainuke. Akajirudisha chini. "Na nini tena, mama?"

Akangoja mpaka kivuli cha kitanda kikahama.

"Mume wangu alikufa neno halijaisha," akasema. "Nami sijui alikuwa anaomba nini."

Pale wanafunzi walishindwa kujua kama bado anaigiza. Wapo wanaosema aliigiza. Mimi nilikuwepo, na sijui. Najua tu kwamba darasa zima lililia, na kesho yake walikuja wote kumi.

Ndipo Bi Kinyonga akasema wameiva. Wakarudi wodini. Wakauliza, wakangoja. Wa kwanza akapona, akaondoka kwa miguu yake. Wakauliza, wakangoja. Wa pili akapona. Wa tatu akapona. Waliokuja baada yao wakapona nao. Shuka jeupe la Fisi likaning'inia msumarini likashika vumbi, na tumbo lake likaanza kunguruma: nguru, nguru, nguru.

Siku ya kumi, wodi nzima akabaki mgonjwa mmoja. Fisi akamjia Bi Kinyonga, mbavu zinahesabika.

"Mjane, umenichezea," akasema. "Kesho ni zamu ya mama yako, na kibuyu nitakishika mwenyewe."

Rangi yote ilimtoka Bi Kinyonga, na safari hii hakuitoa yeye. Alitia mguu mmoja, akafikiri. Ndipo akajibu kwamba hiyo ni haki ya mwalimu, nani ampinge. Ila kesho hiyo hiyo Mzee Tembo, mkuu wa nchi, anakuja kukagua shule, na wanafunzi wanasema kuigiza ugonjwa hakuna anayeweza ila yeye Kinyonga. Eti Mwalimu akilala pale watamjua mara moja.

"Mimi?" akasema Fisi.

"Ndivyo wanavyosema. Wakishindwa kujua kwamba unaigiza, mchukue mama, na mimi juu yake."

Badala ya mlo mmoja, miwili. Fisi akakubali.

Kesho yake Mzee Tembo akakaa mlangoni, maana ndani hakuenea. Fisi akalala chali kitandani, akaguna kama anayeng'olewa jino. Tumbili akamsogelea.

"Shikamoo, Mwalimu. Wapi panauma?"

"Kichwa."

Tumbili akaikalia mikono yake. Akangoja. "Na nini tena?"

"Mgongo."

Akangoja. "Na nini tena?"

"Mguu. Sikio. Basi, tia dawa."

Tumbili hakutia. Wanafunzi kumi, macho ishirini, kimya. Na Fisi, jamani, tangu azaliwe hakuna aliyewahi kumuuliza neno akalingoja jibu lake. Walimkimbia, au walimtii. Ule ukimya ukamkalia kifuani kama jiwe la kusagia. Tumbo likasema nguru.

"Tumbo," akasema, na sauti sasa ilikuwa yake mwenyewe.

"Na nini tena, Mwalimu?"

"Nina njaa. Siku kumi sijala." Wakangoja. "Tangu watoto hawa waanze kungoja, hafi mtu."

Masikio ya Mzee Tembo yakaacha kupepea. Tumbili akauliza kwa sauti ya anayeliogopa jibu.

"Na wale waliokufa, Mwalimu, uliwazika wapi?"

Wakangoja.

"Sikuwazika," akasema Fisi.

Bi Kinyonga alikuwa amejibana kwenye kitanda cha mama yake, rangi ya matete, hakuna aliyemwona. Alifumba macho yote mawili. Alipoyafumbua, Mzee Tembo alikuwa amesimama, na Fisi alikwisha kuruka nje kupitia dirishani. Mpaka leo fisi hawezi kukaa penye kimya. Pakitulia kidogo tu, utamsikia anaanza kelele mwenyewe.

Akabaki yule bibi kizee. Tumbili akapiga goti kando yake. "Wapi panauma, bibi?"

Bibi alikuwa kinyonga mzee, wa polepole kuliko vinyonga wote. Wakangoja. Jua likahama ukuta. Wakangoja. Akafumbua kinywa.

"Naomba..." akasema.

Wakangoja.

"...maji."

Wakampa maji, kidogo kidogo. Bi Kinyonga, pale ubavuni mwake, akageuka rangi ambayo hakuna mnyama aliyekuwa na jina lake. Bibi akanywa, akalala, akapona.

Funzo ni hili, mwenye kalamu aandike. Ukienda kwa daktari sema upesi, usimpotezee muda. Na watoto wakatazeni kuigiza, maana kuigiza ni uongo, na uongo haujapata kumponya mtu.

Hadithi inaaga.

— Isindikizeni.

Mwenye neno halijaisha, alimalize. Nangoja.