Mnazi wa Upande wa Jikoni

Mla moyo wa mnazi asingoje nazi. Jana mlimsikia shangazi yenu akimrushia mumewe maneno hayo, mkacheka mpaka chai ikawapalia, na leo mmenizunguka mnataka kujua yalikotoka. Haya, sogeeni. Yalitoka kwa mtu mmoja wa kisiwani Mafia, na msidhani alikuwa mjinga. Mjinga hatungiwi methali. Methali hutungiwa mtu mwenye akili zake timamu aliyepotea njia mchana kweupe, kama mimi zamani, na kama nyinyi kesho.

Mtu huyo aliitwa Fakihi Mwinyikombo, na maisha yake yote ya kazi aliendesha magari ya halmashauri. Alipostaafu alikabidhi funguo, akapewa mkono, na baadaye kiinua mgongo chake kikaingia benki. Kule kisiwani mstaafu ana njia moja inayojulikana: ananunua minazi. Watu hawakuulizi una fedha kiasi gani. Wanakuuliza una minazi mingapi na iko upande gani.

Lakini Fakihi alikuwa na binti wa kaka yake, Hidaya, mfanyakazi wa benki, naye akamshika sikio.

"Ba'mdogo, nunua hatifungani, ile waliyoipitisha mashekhe. Serikali inachukua fedha zako, inazifanyia kazi miaka ishirini, na kila nusu mwaka inakupa mgao. Muda ukiisha, inakurudishia zako zilezile."

"Miaka ishirini! Nani kakwambia nitakuwepo?"

"Usipokuwepo atakula Bi Zawena."

"Basi mstaafu ni yeye, mimi nilikuwa dereva wake tu," alisema Fakihi. Mkewe huyo, aliyekuwa anapepeta mchele, akajibu bila kuinua kichwa, "Nunua."

Akanunua. Ila alichonunua hakukielewa. Alikwenda benki akaomba akione. Hidaya akamwonyesha jina lake kwenye kompyuta. Fakihi akalitazama, akazunguka kuchungulia nyuma ya kompyuta, akarudi mbele. Na njiani watu wakamwuliza, "Dereva, hiyo hatifungani yako iko upande gani?" Akainua kidole aelekeze, kidole kikakosa pa kwenda.

Hata hivyo, nusu mwaka ilipotimia mgao ukaingia, na uliofuata ukaingia. Pensheni ilitosha unga na umeme. Mgao ndio ulionunua dawa za presha za Bi Zawena, ambazo zamani alikuwa anazimeza siku moja na kuruka siku moja ili zifike mwisho wa mwezi. Sasa alizimeza kila siku, na rangi ya uso ikamrudia. Fakihi alishukuru, lakini moyoni alibaki palepale: vipi fedha zinakuja nyumbani, na yeye hajashika usukani?

Ndipo binti yao wa mwisho akachumbiwa. Akaja Makungu, kaka yake Bi Zawena, mtu wa maneno matamu na mfuko mtupu.

"Shemeji," alisema, "wakwe wanatoka ng'ambo, watu wazito. Utawapa chai na mkate wa kumimina? Uza hiyo karatasi yako."

"Si karatasi. Ipo kwenye kompyuta."

"Hata karatasi haikufika! Uza, shemeji. Watu waone."

Fakihi akauza nusu. Hidaya alimbembeleza asiguse ile nusu ya pili, naye akakubali kwa kumwonea haya. Na kwa kuwa kwa mila ya kijiji chao mgeni mkubwa hulishwa moyo wa mnazi, ule mweupe, mtamu, uliojificha kileleni, ilibidi mnazi ukatwe, maana moyo hauchomolewi na mti ukabaki hai. Nyumbani kwao kulikuwa na minazi miwili mifupi, mmoja upande wa barazani, mmoja upande wa jikoni. Makungu akachagua wa jikoni kwa kuwa ulinawiri zaidi. Ndio uliokuwa unamlisha Bi Zawena nazi zake. Ukalala chini. Wakwe wakala, wakasifu, wakalamba vidole, wakavuka zao.

Nusu mwaka ikatimia. Fakihi akavaa kanzu safi akaenda benki, akahesabu alichopewa, akarudi dirishani kwa Hidaya sauti ikiwa juu.

"Tumeibiwa! Mgao umeingia nusu."

"Ba'mdogo, nusu si uliuza?"

"Niliuza hati, mwanangu. Sikuuza mgao!"

Watu kwenye foleni wakageuka. Hidaya akashusha sauti.

"Mgao unatoka kwenye hati, Ba'mdogo."

"Najua ulikuwa unatoka. Nauliza kwa nini umeacha."

"Kwa sababu hati sasa ni ya mtu mwingine."

"Na mimi gari nililikabidhi, sasa linaendeshwa na mtu mwingine, mbona pensheni yangu inakuja?"

Msimcheke, hata mimi lile swali lilinichukua siku nzima. Pensheni ni ya jasho lililokwisha kutoka. Anayelipwa ni mtu, gari halimo. Mgao ni wa fedha zinazofanya kazi sasa hivi. Zikiondoka, na kazi imeondoka. Lakini nani angemweleza hayo mtu aliyevimba mishipa ya shingo, nyuma yake foleni inakohoa?

Akatembea mpaka nyumbani, na kila hatua swali likazidi kujifunga. Alimkuta mkewe amebandika chungu cha wali.

"Dawa umeleta?"

"Za nusu," alisema, na hakuweza kumtazama. "Nyingine sijui zimekwenda wapi."

Bi Zawena akafunika chungu. Kisha akasema, "Basi niletee nazi, angalau tule."

Fakihi, mawazo yakiwa bado benki, akashika mti wake wenye ndoano wa kuangulia nazi, akazunguka upande wa jikoni kama alivyofanya miaka yote. Akainua mti. Akainua na macho. Juu palikuwa na anga tu. Akasimama vilevile, ndoano imeinuliwa, kama mtu anayesubiri ajibiwe.

Bi Zawena akachungulia, na ingawa alikuwa na hasira, kicheko kilimshinda.

"Bwana wee! Mla moyo wa mnazi asingoje nazi!"

"Umesema nini?"

"Nimesema ulikula mwenyewe, na wakwe zako."

"Hapana. Sema tena kama ulivyosema."

Akasema tena. Fakihi akashusha mti polepole, akaketi juu ya kisiki, na kwa mara ya kwanza akaiona hatifungani. Ilikuwa na makuti. Ilikuwa imesimama pale alipokalia.

Haukupita muda Makungu akaja tena, safari hii na habari za fremu za maduka. "Ile nusu iliyobaki, shemeji, imelala tu. Tuitoe, tujenge, utakuwa tajiri wa mjini Kilindoni."

Fakihi hakubishana. Alimshika mkono kwa upole, akampeleka upande wa jikoni, akamkalisha juu ya kisiki.

"Nazi zikianguka, niite."

Makungu akatazama juu, akatazama chini. "Zitaanguka kutoka wapi?"

"Hata mimi niliuliza hivyohivyo, tena mbele ya watu," alisema Fakihi, akaenda zake barazani, chini ya ule mnazi wa pili, akaanza kufua nazi.

Makungu alikaa pale mpaka harufu ya wali ikamfikia. Bi Zawena ndiye aliyemtolea jibu kupitia dirisha la jikoni, nusu kwa kucheka, nusu kwa kukaripia, na majirani wote wakasikia, nao wakalisambaza kisiwa kizima mpaka likavuka maji likamfikia shangazi yenu:

Mla moyo wa mnazi asingoje nazi.