Wajumbe Waliokaribishwa Umande

Hapo kale na kale, wadogo zangu, majani yakiwa bado na ulimi, aliishi Kimatone kwenye ardhi chepechepe ya mlimani. Alikuwa mmea mdogo kama kifungo cha shati, majani yake mekundu yamejaa matone yanayometameta. Umande? Thubutu! Ilikuwa gundi. Kimatone alikula wadudu.

Siku moja Bwana Nyati akapataka pale pawe pa kugaagaa yeye na wanawe. Ila desturi ilisema hivi: mwenyeji hafukuzwi mpaka apelekewe habari, na mjumbe arudi na jibu.

"Nenda," Nyati akamwambia nzi mmoja wa mgongoni kwake. "Kaiambie ile takataka ihame."

Chura akasikia, akamkimbilia jirani yake. "Hama, Kimatone!"

"Kwa miguu ya nani?"

Vuuuu! Nzi huyo. "Hodi!"

"Karibu, mjumbe. Utasemaje na koo kavu? Kunywa kwanza."

Nzi akatua. Nata! "Mama wee, mguu wangu!"

Jani likajikunja taratibu, likamfunika.

Nyati akatuma wawili, kisha kundi zima. Hakurudi hata mmoja. Akamwita Chura.

"Wajumbe wangu wako wapi?"

"Mzee, wote wamekaribishwa vizuri. Hakuna aliyeaga."

"Wamenogewa! Wasaliti wakubwa!"

Akabaki nzi mmoja tu. "Mzee, kwa nini usiende mwenyewe?"

"Mimi? Nikabembelezane na majani? Ebo! Ruka!"

Nzi yule alifika, lakini hakutua. Aliyaona mabawa ya ndugu zake.

"Muuaji! Narudi kusema!"

Kimatone alijua: jibu likifika tu, kwato zinafuata.

"Ni kweli, nimewala," akasema. "Sasa wewe ukirudi, utapata nini?"

Nzi akafikiri. "Nitatumwa tena."

"Na hawa ndugu zako, Nyati amewalilia?"

"Amewaita wasaliti."

Nzi akazunguka, vuuu, vuuu, akiyatazama yale mabawa. Hakusamehe. Lakini kwa Nyati pia hakurudi; alishika njia ya msituni, peke yake.

Nyati angali amesimama ukingoni, anasubiri jibu.

Mkubwa akiwatuma mahali asipokubali kwenda mwenyewe, wadogo zangu, muulizeni sababu kabla hamjaondoka.