Kwa Nini Tunauliza "Na Nani?"

Nawasikia mnavyonung'unika. Mwalimu wa Kiingereza kawapa sentensi za kugeuza, mtenda aende nyuma, mtendwa aje mbele, na ninyi mnaona anawatesa bure. Basi wekeni madaftari kando, mmenye maharage huku mkinisikiliza. Kugeuza huko hakukuwako zamani. Kulianza kwa wafinyanzi wa huku huku milimani, na nusura mtu apoteze makazi yake.

Hapo kale kila habari ilianza na mtenda. Baba amelima shamba. Mbuzi amekula mahindi. Barazani mambo yalikuwa makali zaidi: kabla hujafungua kinywa, ulimwekea mkono begani yule aliyetenda, ndipo ukasema. Ukikosa bega la kushika, huna neno, kaa chini. Na uliyemshika, akishindwa kujitetea, alifunga mizigo yake akahama kijiji. Sijui waliishije. Nadhani wengi walimeza mambo mengi.

Siku moja Nanzia, mfinyanzi hodari, alirudi kutoka mtoni akakuta vyungu alivyovianika ni vipande vitupu. Ilikuwa kazi yake ya msimu mzima, na udongo ulikuwa haujakauka. Hakumwona mtu. Lakini majuzi tu aligombana na jirani yake Kunda juu ya shimo la udongo, na Kunda alikuwa mjane asiye na ndugu wa kumsemea.

Barazani watu walimkodolea Kunda macho hata kabla Nanzia hajasimama. Mkuu wao, Sekiete, akahimiza, "Shika bega, mama, tumalize. Jua linakwenda."

Nanzia akamwendea Kunda, akainua mkono. Kunda alimkumbatia mwanawe, akafumba macho. Hasira Nanzia alikuwa nayo, tena ya kutosha, ila uhakika hakuwa nao, na mkono ukakataa kushuka.

Akageuka, akaokota kipande kimoja cha chungu alichokuja nacho, akaweka mkono juu yake.

"Vyungu vimevunjwa," akasema.

Baraza zima likafoka. "Maneno gani haya, hayana mwenyewe!"

"Mwenyewe ataingia mwishoni, tukishamjua," Nanzia akajibu. "Kwanza kitazameni chungu."

Kumbe hakuna aliyekuwa amekitazama. Wote walikuwa wakitazama bega la Kunda. Sasa kipande kikapita mkono kwa mkono, na pale kwenye udongo mbichi wakaona alama ya ukwato, tena ukwato wenye pengo upande mmoja. Kijiji kizima kilimjua ng'ombe dume mwenye ukwato ule. Alikuwa wa Sekiete.

"Vyungu vimevunjwa na dume wa mkuu," Nanzia akamalizia. Sekiete akaomba radhi, macho chini. Kunda akalia kwa sauti mbele za watu. Hata mimi ningelia.

Lakini Sekiete hakuwa mjinga. Aliona kwamba usemi ule mpya una mlango wa nyuma. Njaa ilipoingia, watu wakaja kumuuliza habari za ghala la kijiji alilolitunza yeye. Akasimama, akaweka mkono juu ya kapu tupu, akasema kwa huzuni nyingi, "Mtama umeliwa." Kisha akaketi.

Watu wakatikisa vichwa, wakampa pole. Wengine walikwisha kuanza kuondoka. Kunda peke yake ndiye aliyebaki amesimama mbele yake, mwanawe mgongoni.

"Umeliwa na nani?"

Na tangu siku hiyo, watu huweza kutanguliza kilichotendwa, ili kitazamwe vizuri na asiye na hatia asishikwe bega. Na tangu siku hiyo pia, anayesikia habari isiyo na mtenda huuliza swali la Kunda.

Haya, rudini kwenye sentensi zenu. Lakini kabla hamjaanza: sukari yangu ya kabatini imelambwa.