Firigisi ya Jogoo wa Namsifu

Hapo zamani, wala si zamani sana, maana baiskeli zilikuwa zimeshafika Upareni ila lami bado, palikuwa na mashindano ya kuzunguka milima kwa baiskeli. Mnaondoka alfajiri, mnapanda, mnashuka, mnapanda tena, na kila anayefika kabla jua halijazama anapewa jogoo.

Namsifu alimtaka jogoo huyo mpaka akawa anamwota. Lakini muda wa kufanya mazoezi hakuwa nao. Alikuwa na ng'ombe, shamba la tangawizi, na mtoto mchanga asiyependa kuwekwa chini.

Mumewe, Elineema, akamwambia, "Mama Ombeni, asubuhi wewe nenda. Mtoto niachie."

Namsifu akapanda mlima. Elineema akambeba mtoto mgongoni kwa khanga, akakoroga uji, na wanaume wenzake wakamcheka wakachoka wenyewe.

Mama mkwe, Nakunda, hakupendezwa hata kidogo. "Mwanamke na baiskeli milimani, anatafuta nini? Haya, kama lazima upande, usipande bure." Akampakia mkungu wa ndizi ampelekee dada yake Nakunda kule juu. Kesho yake mkungu, keshokutwa mkungu. Namsifu akapanda mlima na ndizi zake, akinung'unika, na miguu ikakomaa.

Siku ya mashindano wifi yake, Nanzia, naye alikuwemo. Mlima wa mwisho, jua limeshainama, tairi la Namsifu likapasuka. Nanzia alikuwa mbele. Akageuza, akarudi.

"Wifi, chukua baiskeli yangu."

"Na wewe je?"

"Mimi sina mtoto. Mwakani nitapata muda, wewe huenda usipate tena."

Namsifu akapanda mlima huku analia, akafika jua likiwa limebaki kipande.

Jogoo akachinjwa, akapikwa. Sasa firigisi. Mnajua wenyewe, jogoo ana firigisi moja, na huliwa na anayeheshimiwa kuliko wote. Siku zote nyumbani mle ilikuwa ya Elineema. Siku ile wakakubaliana kwamba mwenye jogoo ndiye atakayegawa.

Elineema akasema, "Mimi nilitoa asubuhi zangu. Bila mimi asingepanda."

Nakunda akasema, "Mimi nilitoa ndizi. Bila mimi angepanda na miguu laini."

"Mama, si ulikuwa hutaki aende?"

"Nilikuwa sitaki. Miguu ilikomaa au haikukomaa?"

Nanzia akasema, "Mimi nilitoa jogoo wangu."

Namsifu akashika upawa, akawatazama. Aliwapenda wote watatu, na hilo ndilo lililomtesa. Kisha akasema polepole, "Mimi firigisi sijawahi kuionja tangu nizaliwe. Na milima ile yote niliipanda mimi."

Upawa uko mkononi, firigisi iko juu ya upawa, na mtoto amelala mgongoni kwa baba yake.

Basi nyinyi mnaonisikiliza, msaidieni kabla mchuzi haujapoa. Je, nani alistahili kuila?